Sauti ya Mwelekezi

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kushika saa. Mwaka 2000 nilikuwa na miaka 11, na mjomba wangu alikuwa amefungua kibanda cha gemu nyuma ya nyumba za manispaa hapa Amalemba, mjini Kakamega. Kilikuwa na mabati, mbao za masanduku, benchi mbili, televisheni ya inchi 14 na PlayStation ya kijivu iliyofika kutoka Nairobi imeviringishwa ndani ya gunia la sukari. Shilingi 5 zilikupa dakika 10. Mimi niliketi mlangoni na saa ya mkononi ya mjomba, mkebe wa Kimbo wa kutilia pesa, na daftari la wenye madeni. Dakika 10 zikiisha nilimgusa mchezaji bega, naye aliachia padi hata kama alikuwa amebakiza kona mbili afike mwisho. Wengi waliachia wakilalamika, lakini waliachia.

Gemu iliyojaza mkebe ilikuwa moja: Colin McRae Rally, iliyotolewa mwaka 1998 na kampuni ya Codemasters ya Uingereza. Palikuwa na gemu za mpira na za ngumi, na wavulana wakubwa walizipenda. Lakini ukipita pale saa kumi jioni baada ya shule, ulichokisikia ni ngurumo ya gari la buluu, Subaru Impreza, na juu ya ngurumo hiyo sauti ya mwanamume akisoma njia kwa utulivu, kana kwamba hakuna mti wala korongo linaloweza kumtisha. Lefuti. Raiti. Heapini. Donti kati.

Hiyo ya mwisho ilitusumbua muda mrefu. Kwa sikio la mtoto anayesema Kiswahili na Kiisukha, “donti kati” lilikuwa onyo la kutopita katikati. Tukahama katikati. Kila alipolitamka tulisogea pembeni, tukagonga ukingo, gari likabingirika, dakika zikaenda. Mjomba ndiye aliyetufungua macho siku moja akiwa anaunganisha waya nyuma ya televisheni. Aligeuka akasema, “Kati hapo si katikati, mpwa wangu. Anasema usikate. Usiikate hiyo kona, kuna jiwe au shimo ndani yake. Zunguka nayo yote.”

Alijuaje? Alijua kwa sababu alikuwa amezunguka kona nyingi kuliko sisi sote. Kabla ya kibanda, mjomba alikuwa dereva wa Peugeot 504, ile ndefu ya viti vya safu tatu, akibeba abiria kati ya Nairobi na Kakamega katika miaka ya 1980. Na hapo ndipo ninapotaka kuanzia historia ya hili gari la buluu. Watu wakiniambia kwamba Subaru ililetwa Kenya na vijana wa Nairobi wenye kelele, nasikitika, maana wanaanza hadithi katikati. Gari la familia lenye moyo wa mashindano lilikuwa limeshatambulishwa kwetu muda mrefu. Lilikuja na redio, kila Pasaka, katika matangazo ya mbio za magari za Safari.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka hiyo ya mwanzo magari yalipangwa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Nimelifikiria sana jambo hilo. Hawakuuliza injini yako ina ukubwa gani, waliuliza gari lako linauzwa pesa ngapi. Maana yake ni kwamba mshindi alikuwa gari ambalo mwalimu, daktari wa wilaya au mwenye duka angeweza kulitaja bei yake, akaota kulinunua. Barabara za murram zilikuwa ndizo mwamuzi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, naye pia kwa 404. Hata 504 ilipofika ikapata siku yake: Ove Andersson mwaka 1975, kisha Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 akiwa na ile ya umbo la kupé.

Kwa hiyo Peugeot ilipouzwa kwetu, ilikuwa imeshatoa ushahidi wake. Hakuna tangazo la gazeti lililoshinda yale matokeo yaliyosomwa kwenye Sauti ya Kenya, jina la gari likirudiwarudiwa mpaka mama zetu jikoni wakalijua. Magari ya 504 yaliunganishwa hapa hapa nchini mpaka mwaka 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuyaunda. Mjomba husema 504 ilikuwa na miguu mirefu: ukiingia shimoni gurudumu linashuka lenyewe kulifuata shimo, na abiria wa nyuma anaendelea kulala. Alibeba watu 7 kwa sheria, na zaidi ya hao kwa mahitaji. Alibeba kuku, mitungi, magodoro, vitabu vya wanafunzi wanaofungua shule. Na alibeba maiti.

Hili lazima nilieleze kwa wasomaji wa pwani na wa mbali. Sisi watu wa magharibi hatuzikani ugenini tukiweza kuepuka. Mtu akifia Nairobi, hurudishwa akalale karibu na migomba ya baba yake. Katika miaka hiyo, familia isiyokuwa na uwezo wa kukodi basi ilikodi Peugeot. Jeneza lilifungwa juu ya keria kwa kamba, kitambaa chekundu kikapepea mbele pamoja na tawi la mti, na waombolezaji wakaketi chini yake usiku kucha, wakiimba kupitia Nakuru na kuteremka kuelekea kwetu. Mjomba hakuwahi kukimbia akiwa na jeneza. Lakini alisema ndizo safari zilizomfundisha udereva, kwa sababu uzito wa juu hukuonyesha kila kosa la kona. Ukikata kona, kamba inalia. Ukiizunguka yote, kamba inanyamaza. Aliyepitia shule hiyo hakuhitaji kamusi ya Kiingereza kuelewa kauli ya yule mwelekezi wa kwenye gemu.

Kulikuwa na majina mengine aliyoyaweka moyoni. Joginder Singh alizaliwa Kericho, si mbali sana na kwetu, akashinda Safari mara 3: mwaka 1965 na kaka yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, kisha mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5, na nne kati ya hizo zilikuwa mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun iliyoitwa 160J au Violet. Hiyo Violet ilikuwa gari la karani. Ungeweza kuikuta imeegeshwa nje ya kanisa. Ninapowafundisha wanafunzi wangu historia, huwaambia kwamba ukitaka kujua tabaka la watu waliokuwa na pesa kidogo nchini Kenya miaka ya 1970, angalia orodha ya washindi wa Safari, kisha angalia picha za harusi za kipindi hicho. Magari ni yale yale.

Halafu mambo yalipotea njia kidogo. Kati ya 1982 na 1986 mashindano ya dunia yalitawaliwa na magari ya Kundi B, mashine zilizotengenezwa chache mno ili tu zikubaliwe kushindana. Hazikuwa magari ya mtu yeyote. Ziliua madereva na watazamaji Ulaya, zikapigwa marufuku kuanzia mwaka 1987. Na mwaka huo huo Safari ilishindwa na nini? Audi 200 quattro ya Hannu Mikkola, sedani kubwa ya mheshimiwa, yenye buti la kutosha mizigo ya ukoo mzima. Mjomba huicheka kwa furaha kila akiikumbuka.

Sheria iliyochukua nafasi ya Kundi B ndiyo iliyoizaa Impreza, na nataka niieleze kwa makini maana ndiyo kiini cha jambo. Kundi A lilidai kwamba gari halitaingia mashindanoni mpaka kiwanda kiwe kimeunda magari 5,000 ya aina hiyo, idadi iliyopunguzwa baadaye kuwa 2,500. Kwa hiyo mhandisi aliyetaka kushinda hakuweza kujificha karakanani na kutengeneza dude moja la siri. Alilazimika kuweka turbo, uendeshaji wa magurudumu manne na breki za kutosha ndani ya gari la kawaida, kisha kulipeleka dukani, baba mwenye watoto watatu alinunue. Kabla ya Impreza, Subaru walitumia Legacy. Mwaka 1990 Jim Heather-Hayes wa Kenya aliifikisha Legacy RS mwisho wa Safari katika nafasi ya 8, ikawa gari la kwanza la Kundi N kuimaliza. Kundi N ndilo lililokuwa karibu zaidi na gari la dukani, likiruhusiwa kuongezwa vitu vya usalama na marekebisho machache tu.

Mwezi Novemba 1992 Impreza ikatoka Japani. Ilikuwa fupi kuliko Legacy na nyepesi zaidi, na ile ya WRX ilikuwa na nguvu farasi 240 kutoka injini ya lita 2. Miaka minne baadaye ile ya STi ikafika 280. Injini yenyewe ilikuwa imelazwa, pistoni mbili zikitazama kushoto na mbili kulia, zikipigana ngumi. Ndiyo maana huitwa boksa. Mabomba ya kutolea moshi kutoka pande hizo mbili hayakuwa na urefu sawa, hivyo mapigo yalifika nyuma yakiwa yamepishana. Wengine husema inanguruma. Sisi wa Kakamega tunajua inachofanya: inapiga isukuti. Ngoma za isukuti huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na utamu wake uko katika kutolingana kwa mapigo. Mara ya kwanza niliposikia Impreza ya kweli ikipita barabara ya Kisumu nilifikiri kuna watu wa msiba wanakuja.

Kabla ya dereva Colin McRae kuwa jina la gemu, Amalemba ilikuwa na dereva wake. Alikuwa Patrick Njiru. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari kijigari cha ajabu, Vivio, chenye injini ndogo kuliko za pikipiki kadhaa. McRae alipewa kimoja, akaondoka kwa kasi ya kutisha na gari likakataa njiani. Njiru akakifikisha chake mpaka mwisho, wa 12. Mwaka uliofuata, ambao Ian Duncan alishinda na Toyota Celica, Njiru alikuwa wa nne ndani ya Impreza. Mjomba alikata picha yake kwenye gazeti akaibandika ukutani kwa uji wa unga. Ilikuwepo bado siku kibanda kinafunguliwa, imegeuka manjano, juu kidogo ya televisheni. Kwa hiyo kila mtoto aliyeshika padi akiwa Colin McRae wa Scotland alikuwa anatazamwa na Mwafrika mwenye helmeti. Sidhani mjomba alipanga hivyo. Lakini nashukuru ilitokea hivyo.

Sasa kuna ugomvi uliowahi kutikisa kibanda kile, nami nausimulia kwa sababu wakati ule sikuwa na jibu, na leo ninalo. Mvulana mmoja wa darasa la saba, mtoto wa fundi wa mabodi, aliitazama Impreza kwenye kioo akasema: “Hii si gari la familia. Ina milango miwili.” Kelele zikapanda. Wengine wakaapa ni minne. Tukakisogelea kioo mpaka pua zikakigusa. Alikuwa sahihi. Gari la buluu kwenye gemu lilikuwa na milango miwili.

Ukweli ni kwamba sheria zilikuwa zimebadilika tena. Mpaka mwisho wa mwaka 1996 Impreza ya mashindano ilikuwa na milango minne, gari lenyewe la Kundi A, na McRae alikuwa bingwa wa dunia nalo mwaka 1995. Aprili 1996 Safari ilichukuliwa na Tommi Mäkinen katika Mitsubishi Lancer Evolution III, na hiyo nayo ilikuwa sedani kamili: milango minne, buti, kiti cha nyuma cha watoto. Lakini kuanzia mwaka 1997 viwanda viliruhusiwa kubadilisha gari la kawaida kwa mengi bila kuyauza yale mabadiliko dukani. Subaru wakachukua umbo la milango miwili. Ndilo ambalo McRae alishinda nalo Safari ya Machi 1997, Richard Burns akimfuata kwa Mitsubishi Carisma na Ian Duncan akiwa wa tatu, na ndilo lililoingia kwenye gemu mwaka uliofuata. Yule mvulana alikuwa ameona, kwa macho yake tu, mahali ambapo gari la mashindano lilianza kuagana na gari la nyumbani. Leo ana gereji yake. Nilipomweleza haya juzi aliniambia, “Nilijua tu.”

Na kuna hili lililonigusa kuliko yote. Ile sauti iliyokuwa ikitusomea njia ilikuwa ya Nicky Grist. Grist hakuwa mwigizaji aliyekodiwa na waundaji wa gemu. Ndiye mwelekezi aliyeketi kando ya McRae siku zile za Machi 1997, katika vumbi letu. Sauti iliyosema “donti kati” kwa watoto wa Amalemba kwenye benchi ya mbao ilikuwa imelisema neno hilo hilo Kenya, kwa dereva yule yule, gari likiwa na chuma cha kuzuia ng'ombe mbele na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo ili livuke mito. Nililigundua hili nikiwa mtu mzima, na kwa muda niliacha nilichokuwa nikifanya nikakaa tu.

Gemu ya pili, Colin McRae Rally 2.0, ilitoka mwaka 2000 lakini ilitufikia baadaye kidogo, kwenye sidii isiyokuwa na kasha. McRae alikuwa ameshahamia Ford, kwa hiyo Focus ndiyo iliyopewa heshima ya mbele. Sisi tulibaki na Impreza. Mwezi Februari mwaka ule Burns alikuwa ameshinda Safari nayo, na Juha Kankkunen akawa wa pili, Subaru mbili juu, basi tungehamaje? Lakini kilichowaleta watu mpaka wakasimama nje na kuchungulia kupitia matundu ya misumari kilikuwa kitu kingine. Katika orodha ya nchi, pamoja na Finland na Ugiriki na Australia, palikuwa na Kenya.

Nakumbuka kimya kilichoingia. Mjomba mwenyewe aliketi, akachukua padi, na mimi sikuthubutu kuangalia saa. Barabara ilifunguka, ya vumbi, pana, jua kali. Akaendesha kwa uangalifu mkubwa, akapunguza mwendo mahali ambapo Grist hakuwa amesema chochote. Tukamuuliza kwa nini anapunguza. Akasema, “Hapa panafaa kuwa na ng'ombe.”

Hakukuwa na ng'ombe. Hakukuwa na mwanamke mwenye karai la ndizi kichwani, wala baiskeli yenye debe la maziwa, wala watoto wanaotoka shule. Nami nalisema bila kuzunguka: hapo ndipo gemu ile nzuri ilipotukosea. Mpaka mwaka 2002, Safari ya kweli ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi. Matatu zilikuwa humo. Lori za miwa za Mumias zingeweza kuwa humo, kama njia ingewahi kuziangukia. Timu zilituma helikopta kuruka mbele ya gari ili kumwonya dereva kuhusu watu na wanyama, na hiyo haikuwa mbwembwe, ilikuwa kazi ya lazima. Ugumu wa Safari haukuwa mawe peke yake. Ugumu wake ulikuwa kwamba nchi iliendelea kuishi huku mbio zikipita ndani yake. Waundaji walichukua vumbi letu na jua letu wakaacha watu. Mjomba alimaliza ile hatua akiwa na muda mbaya kuliko wa mtoto yeyote, akaweka padi chini, akasema barabara ni nzuri lakini haina wenyewe.

Kibanda kilikufa taratibu, kama vilivyokufa vingi. Stima ilikuwa ikipotea kila jioni ya mvua, padi zikalegea, na simu za mkononi zikaanza kubeba gemu zake zenyewe. Mwaka 2006 mjomba aliuza mabati. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, McRae alikufa katika ajali ya helikopta karibu na kwao Scotland; Burns alikuwa ameshatangulia Novemba 2005 kwa maradhi ya ubongo. Desemba 2008 Subaru wakatangaza kujiondoa kwenye mashindano ya dunia. Safari nayo ilikuwa imeondolewa kwenye kalenda ya dunia baada ya mwaka 2002. Ingawa iliendelea kama mashindano ya Afrika, na Carl Tundo akaishinda mara 5 kati ya 2004 na 2018, nyingi kwa Lancer Evolution, habari zake ziliacha kufika kwetu kwa ile sauti ya zamani.

Ajabu ni kwamba gari lenyewe lilianza kufika wakati huo huo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kila sedani iliyouzwa mpya Japani ilikuwa na tarehe yake ya kutarajiwa Mombasa, kama mgeni aliyepiga simu mapema. Kufikia miaka hiyo Impreza zilikuwa zinashuka melini, zinapanda mpaka Nairobi, zinachoka kidogo, kisha zinauzwa kwetu mikononi mwa watu wa pili au wa tatu. Nyingi hazikuwa WRX. Zilikuwa za lita 1.5, hazina turbo, hazina lile tundu juu ya boneti, na wenye nazo walibandika herufi walizozitamani. Siwalaumu. Walikuwa wakinunua jina walilolijua tangu utotoni kwa shilingi 5.

Mjomba alinunua ya kweli. Mwaka 2012 aliuza ng'ombe wawili na kipande cha pensheni, akaenda Eldoret, akarudi na Impreza WRX ya mwaka 2001, ile ya macho ya duara, milango minne. Mke wake hakuzungumza naye kwa siku kadhaa. Sisi wengine tulitoka nje kusikiliza. Aliizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, na wazee wawili waliokuwa wakipita wakasimama na kuanza kutikisa mabega.

Sitaki kuipamba. Ilikunywa petroli kama punda wa jangwani. Gasketi ya hedi ililia mwaka wa pili, na kwa sababu injini imelazwa, fundi alilazimika kuitoa yote nje, ikakaa wiki tatu juu ya matairi chini ya mwembe. Ukichelewesha belti ya taimingi katika injini ile, vali zinakutana na pistoni na huna gari tena. Lakini yule mvulana wa milango miwili ndiye aliyekuwa fundi, akaifungua kwa mikono iliyokuwa ikiijua tangu zamani. Kisha ikarudi barabarani kufanya kazi ambayo 504 ilikuwa ikifanya. Ilimpeleka nyanya kliniki. Ilibeba magunia ya chakula cha kuku kwenye buti. Usiku mmoja wa Mei, mvua ikimwagika na njia ya kutoka kijijini imegeuka sabuni, gari la kukodi lilikwama na binti wa jirani alikuwa na uchungu wa uzazi. Impreza ilipita. Magurudumu manne yalishika, mjomba akaketi wima kama alivyoketi kwenye benchi siku ile ya Kenya, nasi tukafika hospitalini mtoto akiwa bado hajazaliwa. Lilikuwa gari la mashindano likifanya kazi iliyolifanya listahili kuuzwa kwa watu.

Mwaka 2022 nilipanda matatu kwenda Naivasha. Safari ilikuwa imerejea kwenye kalenda ya dunia mwaka mmoja kabla, na nilitaka kuona kwa macho. Nilisimama kwenye ukingo wa vumbi pamoja na maelfu ya watu, tukiwa nyuma ya utepe. Barabara zimefungwa sasa, ng'ombe wamezuiwa, na nakubali ni salama zaidi. Toyota walichukua nafasi zote nne za mwanzo. Mshindi alikuwa Kalle Rovanperä, aliyezaliwa Oktoba 2000, mwaka ule ule niliokuwa nikishika saa mlangoni. Baba yake, Harri, alikuwa wa pili katika Safari ya 2002. Magari yalikuwa Yaris, i20 na Puma, mafupi, yenye mkia mpana na umeme ndani yake. Nilitafuta sedani katika mstari wa mbele sikuiona. Nilipiga picha nyingi nikamletea mjomba, akazishika karibu sana na uso, akazigeuza huku na huku.

Hapo ndipo nilipojua kuhusu macho yake. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Aliacha kuendesha mwaka huo. Hakutaka kuiuza, na watoto wake wako Nairobi na Qatar, kwa hiyo ufunguo ulikuja kwangu.

Jumamosi tuna kawaida ya kwenda Shinyalu kwa dada yake. Tunatoka Amalemba, tunaingia barabara ya Kisumu, tunapita lile jiwe linalolia pale Ilesi, na kufika Khayega tunakata kushoto. Mjomba hukaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mikono juu ya magoti. Haoni vizuri, lakini njia anayo. Anaijua kwa mteremko, kwa mlio wa lami chini ya matairi, kwa harufu ya kinu cha mahindi. Ananisomea.

“Tuta. Baada ya tuta, shule, polepole. Kushoto ndefu. Kanisa. Kulia, inafunga.”

Mimi nakanyaga, injini inapiga isukuti yake, na mama mmoja mwenye karai la ndizi anasubiri tupite.

“Kushoto tena, kali,” anasema mjomba. “Donti kati.”

Nazunguka nayo yote.